Sura ya Saba: Putini ya Njia Panda

Mtu atokaye Kigoma mjini kwenda bara, akiisha kuupa mgongo mji wa Ujiji na ziwa lake, hufika Kidahwe, mahali ambapo barabara hugawanyika sehemu mbili: moja huelekea Kasulu na nyanda za juu za Buha, na ya pili huelekea Uvinza na bonde la mto Malagarasi, ilhali nyuma yake umebaki mwambao wa Tanganyika pamoja na michikichi na samaki wake. Kwa mfanyabiashara njia panda hii ni neema ya tijara. Na kwa mpishi ni neema kubwa zaidi, maana maziwa ya vilimani, chumvi ya Uvinza na mawese ya mwambao huweza kukutana hapo katika kapu moja kabla jua halijawa kali. Nimekusudia katika sura hii kueleza jinsi ya kupika nyumbani, kwa vitu hivyo, chakula ambacho asili yake iko mbali sana na ziwa letu, nacho ni putini: viazi vilivyokaangwa, vikatawanyiwa jibini changa, kisha vikamwagiwa mchuzi mzito wa moto. Nimekichagua kwa sababu kinashuhudia jambo niliaminilo kwa moyo wangu wote, kwamba chakula cha ugenini hakiwi mgeni tena katika nyumba ambamo kila kilichotiwa ndani yake kimejulikana, kimechaguliwa na kupewa haki yake. Na kwamba, kinyume chake, hata ugali wa muhogo huwa mgeni mezani pa mtu asiyejali ulivyopikwa.

Putini ilizaliwa Québec, jimbo la Kanada ambalo wakazi wake wengi husema Kifaransa, nayo si chakula cha kale, kwa kuwa umri wake haujafika hata miaka mia. Katika mji mdogo wa Warwick husimuliwa kwamba mwaka 1957 mteja mmoja, Eddy Lainesse, alimwomba mwenye mkahawa, Fernand Lachance, amtilie viazi vya kukaanga na vipande vya jibini katika mfuko mmoja. Na katika mji wa Drummondville hudaiwa kwamba ni Jean-Paul Roy, mwenye mkahawa pia, aliyeanza mwaka 1964 kuviuza vitu vyote vitatu pamoja, mchuzi ukiwa ndio wa tatu. Miji hiyo ingali ikishindania fahari hiyo, wala si kazi yetu kuhukumu baina yao. Litufaalo sisi ni kuona kwamba yote miwili imo katika nchi ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambako jibini lilipatikana likiwa changa, la siku ile ile, kwa bei iliyomstahili mkulima na mfanyakazi wa kiwandani. Chakula kilichozaliwa katika hali hiyo hakina kiburi. Kinataka maziwa mapya, viazi vyema na mlaji aliye tayari kula papo hapo, na masharti hayo hayapatikani Kanada peke yake.

Wala Kanada yenyewe si nchi ngeni kabisa kwa watu wa mkoa huu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 ili kuwapokea watu waliokimbia vita vya Kongo, imekuwa kwa miaka mingi mlango ambao aila zenye kusema Kiswahili zimepitia kwenda kuanza maisha mapya Marekani, Kanada na Australia. Hivyo basi yako majiko upande ule wa bahari kuu ambamo sombe na ugali hukaa jirani na vyakula vya nchi mpya, na majira ya baridi huwafundisha watu wetu kwa nini mkulima wa Québec alipenda mchuzi wa moto juu ya viazi vyake.

Huku kwetu hakuna haja ya kumfundisha mtu kupenda viazi vya kukaanga. Karai la chipsi juu ya jiko la mkaa limeenea katika miji yote ya Tanzania, na chipsi mayai, ambazo ni viazi vilivyoshikanishwa kwa mayai yaliyopigwa, hujulikana toka Dar es Salaam hadi Kigoma, zikiliwa kwa kachumbari na pilipili. Kanuni ya chipsi mayai na kanuni ya putini ni moja, yaani kiazi kilichokaushwa na moto huunganishwa na kitu laini chenye nguvu mwilini. Lakini yai huiva pamoja na kiazi ndani ya karai, ambapo jibini na mchuzi hukutana na kiazi sahanini, katika dakika ya mwisho kabisa. Kwa ajili hiyo putini humtaka mpishi awe na elimu ya wakati zaidi ya elimu ya viungo, na elimu hiyo ndiyo nitakayoifuata hatua kwa hatua, nikianza na kitu kidogo kuliko vyote, ambacho ni chumvi.

Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, karibu na mto Ruchugi uingiao Malagarasi, ni miongoni mwa viwanda vikongwe vya Afrika Mashariki. Uchunguzi wa mambo ya kale uliofanywa mahali hapo katika miaka ya 1960 ulibainisha kwamba watu walikuwa wakiyachemsha maji hayo na kutoa chumvi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Na zama za misafara, wakati wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, chumvi ya Uvinza ilikwisha kuwa bidhaa mashuhuri ya nchi zizungukazo ziwa. Wajerumani walipotawala walijenga hapo kiwanda wakakiita Gottorp, na kazi haikukoma baada yao. Naitaja historia hii ili mpishi anayechukua kijiko cha chumvi ile ajue kwamba ameshika kitu kilichowahi kuwalipa wapagazi na kuwakutanisha watu wa makabila mbalimbali.

Chumvi hiyo hutusaidia kwanza kuchagua viazi. Viazi mviringo, ambavyo asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini na ambavyo vililetwa Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, hustawi penye baridi, na kwa hiyo sehemu kubwa ya viazi vya Tanzania hutoka Njombe, Mbeya na Iringa. Katika gunia moja huweza kuwamo vyenye wanga mwingi, ambavyo vikikaangwa huwa vikavu nje na laini ndani, na vyenye maji mengi, ambavyo hunywa mafuta na kulegea. Ili kuvitenga, koroga kikombe kimoja cha chumvi katika vikombe kumi na kimoja vya maji, ukitumbukize kiazi humo: kikizama, kina wanga wa kutosha na kinafaa kukaangwa, kikielea, kihifadhi kwa ajili ya mchuzi au kuchemsha. Kiazi chenye rangi ya kijani kikatae kabisa, kwa kuwa kimepigwa na jua kikajenga sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Wala usiviweke viazi vya kukaanga katika jokofu, ijapokuwa joto la mwambao hukushawishi kufanya hivyo, maana baridi hugeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo huungua karaini kabla kiazi hakijaiva. Viweke mahali pa giza penye upepo.

Kwa watu wanne chukua kilo moja na nusu ya viazi. Vimenye, uvikate vipande virefu vyenye unene wa kidole kidogo, vyote sawasawa, kisha uviloweke katika maji baridi kwa nusu saa, ukibadili maji mpaka yatulie bila ya ukungu mweupe. Ukungu ule ni wanga wa juu, nao usipooshwa vipande hugandana na kubadilika rangi upesi. Vikaushe kwa kitambaa safi, kipande kwa kipande ikibidi, kwa sababu tone la maji likiingia katika mafuta yaliyochemka hurusha mafuta hayo usoni mwa mpishi na kupunguza moto ambao kiazi kinauhitaji.

Hapa lazuka suala la mafuta, nalo kwa mtu wa Kigoma ni suala la heshima. Mchikichi ndio mti wa nchi hii: nyama ya tunda lake hutoa mawese, na mise zilizo ndani ya kokwa hutoa mafuta ya pili. Mwaka 2018 Serikali, kwa uongozi wa Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, ilianza juhudi mpya za kulifufua zao hili mkoani, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikakabidhiwa kazi ya kuzalisha mbegu za tenera, yaani mzao wa dura, ambaye kokwa lake lina gamba nene, na pisifera, asiye na gamba. Tunda la tenera lina nyama nyingi na gamba jembamba, na kwa hiyo hutoa mafuta mengi kuliko michikichi ya zamani. Pamoja na mapenzi yote niliyo nayo kwa mawese mekundu, sishauri yatumike kukaangia viazi vya putini. Ladha yake ni ya kisultani, haikubali kushiriki mamlaka na kiazi. Na wekundu wake, ambao ndio hazina ya vitamini A, huharibika katika moto mkali wa karai. Kaangia mafuta ya alizeti, au mafuta ya mawese yaliyokwisha kusafishwa yakawa hayana rangi, na mawese mekundu uyawekee nafasi yake ya haki, ambayo tutaifikia katika mchuzi.

Viazi hukaangwa mara mbili, na siri yote ya ukavu wake ni hiyo. Mara ya kwanza moto uwe wa wastani, kiasi cha nyuzi 150 hadi 160 za selsiasi. Asiye na kipima joto atumbukize kipande kimoja, na kikizama kidogo kisha kikapanda taratibu na mapovu madogo, mafuta yako tayari. Vikae dakika tano au sita mpaka viive ndani bila ya kubadilika rangi, kisha vitolewe na kutandazwa vipoe, kwa muda usiopungua nusu saa. Katika kupoa huku mvuke hutoka na ngozi ya kiazi hukauka. Mara ya pili moto uongezwe hadi nyuzi 180 au zaidi kidogo, ambapo kipande huelea mara kitiwapo na mapovu huwa mengi yenye kelele; dakika mbili au tatu zatosha kukipa rangi ya dhahabu. Usilijaze karai, kwa kuwa wingi wa viazi huyapoza mafuta, na mafuta yaliyopoa huingia ndani badala ya kukausha nje. Lakini mkaango huu wa pili usiufanye mpaka jibini na mchuzi viwe vimekamilika, kwa hiyo tuviache viazi vikipoa, tugeukie maziwa.

Ng'ombe katika Buha alikuwa msingi wa jamii kabla ya kuwa msingi wa jikoni. Kwa desturi ya ubugabire mwenye makundi alimkabidhi mwenzake ng'ombe, na aliyepokea akanywa maziwa, akatoa utumishi na heshima, hata mnyama mmoja akawa mkataba baina ya aila mbili. Maziwa yale yalinywewa, yaligandishwa yakawa mtindi, yalisukwa yakatoa samli. Jibini halikuwamo katika ada za wazee. Hata hivyo jirani zetu wameshalijua: katika milima ya Masisi, Kongo, jibini limekuwa kazi mashuhuri ya wafugaji, nalo huuzwa Goma, na Njombe, kule kule vitokako viazi, kiko kiwanda cha maziwa kinachotengeneza jibini. Jibini litakiwalo na putini, walakini, ni la siku moja, na lililosafiri kutoka Njombe hadi Kidahwe halina tena ujana huo. Hakuna njia ila kulitengeneza nyumbani, na jambo hili ni jepesi kuliko watu wadhanivyo.

Njia ya kwanza ni ya ndimu. Chukua lita tatu za maziwa mapya, uyachemshe taratibu huku ukikoroga yasishike chini, mpaka yakaribie kufura. Kuchemsha huku ni wajibu hata kama jibini lisingelihitaji, kwa sababu maradhi ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe huweza kumpata mtu kwa maziwa mabichi. Epua, utie maji ya ndimu kidogo kidogo, kiasi cha vijiko viwili vikubwa kwa kila lita, ukikoroga kwa upole. Mara maziwa hujitenga, mabonge meupe yakielea juu ya maji ya rangi ya kijani hafifu. Yaache dakika kumi, uyachuje katika kitambaa, uyaoshe kwa maji safi ili ukali wa ndimu upungue, utie kijiko kidogo cha chumvi, kisha uyafunge na kuyakandamiza kwa kitu kizito muda wa saa moja. Utapata karibu nusu kilo ya jibini imara liwezalo kuvunjwa kwa vidole. Yale maji yaliyochujwa usiyamwage. Yakandie mkate au yapikie uji, kwa maana yamebeba sehemu njema ya nguvu za maziwa.

Njia ya pili ndiyo ya Québec, nayo hutaka reneti, yaani dawa ya kugandishia maziwa ambayo asili yake ni tumbo la ndama anyonyaye. Hapa maziwa yasichemshwe kabisa, maana yaliyochemka hayagandi vema kwa reneti. Yapashwe moto hadi nyuzi 63, yakae katika joto hilo dakika 30, kisha yapoe mpaka yafikie nyuzi 35, ambazo ni pungufu kidogo ya joto la mwili wa mtu. Tia kijiko cha mtindi kwa kila lita, yatulie kiasi cha saa moja, ndipo utie reneti. Yakiisha kuganda yakate vipande vidogo kwa kisu, uyapashe pole pole hadi nyuzi 39, uyachuje, uache mabonge yashikane, kisha uyavunje na kuyatia chumvi. Jibini hili likiwa changa hulia menoni, na likimwagiwa mchuzi hulainika na kuvutika, ambapo lile la ndimu hubaki na umbo lake likipata joto tu. Anayetafuta ladha kamili ya Québec atashika njia ya pili. Mimi, nikitazama hali ya majiko yetu, naipa daraja ya kwanza ile ya ndimu: kila kitu chake kipo sokoni, kosa dogo la joto haliiharibu, na katika nyumba za Waislamu, ambazo ni nyingi Ujiji na kando yake, haileti shaka yoyote juu ya ndama aliyetoa reneti na namna alivyochinjwa.

Umebaki mchuzi, na mchuzi huanza na mifupa. Chukua mifupa ya ng'ombe yenye uboho, uichome juu ya makaa mpaka iwe na rangi, kisha uichemshe pamoja na kitunguu kilichounguzwa upande mmoja, karoti na punje chache za pilipili manga kwa saa tatu, moto ukiwa mdogo, ukiondoa povu lipandalo juu. Ichuje supu hiyo na kupima nusu lita. Sasa ndipo mawese mekundu yapate heshima yake: yapashe vijiko vitatu vikubwa katika sufuria nzito, kwa moto wa wastani, utie vijiko vitatu vya unga wa ngano, ukikoroga kwa mwiko bila ya kuondoka mpaka unga upate rangi ya kahawia na harufu yake mbichi iishe. Mimina supu ya moto kidogo kidogo, ukizidi kukoroga ili madonge yasipate nafasi, na mchuzi uchemke dakika kumi. Maliza kwa kijiko kidogo cha siki na chumvi kwa kuonja. Mchuzi ukiupaka mgongo wa kijiko bila ya kuteleza upesi, umeiva. Na rangi yake itakuwa ya kahawia yenye wekundu, rangi ambayo mchuzi wa Québec haukuijua na ambayo mtu wa Kigoma ataitambua kabla hajaonja. Wako watakaoshawishika kuongeza dagaa waliosagwa. Nawasihi wasifanye, maana harufu ya dagaa, njema kama ilivyo mahali pake, itaifunika ile ya maziwa.

Sasa mambo yote matatu yamo mikononi mwa mpishi, na utaratibu wa kuyakutanisha ni huu. Jibini lizoee joto la chumbani, lisitoke katika baridi. Sahani zipashwe moto. Mchuzi uwe unachemka. Ndipo viazi vikaangwe mara ya pili, vichujwe mafuta, vinyunyiziwe chumvi ya Uvinza iliyosagwa na kumiminwa sahanini. Tawanya jibini lililovunjwa juu yake, upate la juu na la katikati, umwagie mchuzi papo hapo, na sahani ifike mbele ya mlaji kabla mpishi hajaosha mikono. Kila dakika ipitayo kiazi hunywa mchuzi na kupoteza ukavu wake, na jibini hupoa na kurudia ugumu. Kwa sababu hiyo putini haipikwi kwa ajili ya mtu aliyeko safarini, wala haipashwi moto kesho yake. Wageni ndio wanaokingojea chakula, si chakula kinachongojea wageni.

Kwa upande wa siha, hiki ni chakula kizito chenye mafuta, maziwa na wanga, na mwenye hekima hatakifanya cha kila siku. Kiandalie kachumbari ya nyanya, kitunguu na ndimu, au sahani ya mchicha, ili uzito wake upate mwenzi wa kuupunguza. Na mtu ambaye maziwa humsumbua tumboni apewe jibini kidogo na mchuzi kwa wingi. Gharama yake ni ya viazi, maziwa na mifupa, vitu ambavyo aila nyingi huvinunua hata bila ya kuwaza putini, na kazi yake yaweza kugawanywa: watoto wakubwa wamenye viazi, mwingine akamue ndimu, na mwenye subira zaidi apewe mwiko wa mchuzi.

Yawezekana mtu akauliza kwa nini tujishughulishe na chakula cha Québec ilhali migebuka, ugali wa muhogo na maharage ya Kasulu yatutosha. Jibu langu ni kwamba hata muhogo ulikuja Afrika kutoka Amerika, na pwani hii ya ziwa imepokea vitu vya mbali kwa karne nyingi bila ya kupoteza nafsi yake, kwa kuwa ilivipokea kwa kuvitia katika kazi zake na katika ladha zake. Lililo aibu ni kupokea kitu kikiwa kimekamilika ndani ya pakiti, tukakila bila ya kujua kilivyofanywa. Basi, msomaji, usikianze chakula hiki kwa kutafuta jibini la dukani. Anza na lita moja ya maziwa na ndimu mbili, ujifunze kwanza kugandisha. Ukiisha kuwa na uhakika wa jibini lako, nunua viazi, uvipime katika maji ya chumvi, na uwaite jamaa zako waketi kabla karai halijapata moto.